Kitabu cha karatasi, simu au simulizi ya sauti: ipi inafaa kwa jioni za Nyanda za Juu Kusini?

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti, jioni za Mbeya, Iringa na Njombe huanza mapema kuliko saa inavyosema. Jua likishajificha nyuma ya vilima, ubaridi hushuka, wauzaji wa barabarani hufungasha bidhaa zao, na watu hurejea ndani kutafuta chai, blanketi na moto. Kati ya chakula cha usiku na usingizi hubaki saa mbili au tatu ambazo kila nyumba huzitumia kwa namna yake, na kwa wengi wetu saa hizo huliwa na simu pasipo sisi wenyewe kuamua. Makala haya yanamlenga msomaji ambaye amekwisha kuamua kwamba angependa kuzitumia saa hizo, au walau sehemu yake, kwa kusoma vitabu kwa ajili ya raha na utulivu wa nafsi, lakini hajajua asome kwa njia ipi: kwa kitabu cha karatasi, kwa kitabu kilichohifadhiwa ndani ya simu au kishikwambi, au kwa kusikiliza kitabu kikisomwa na sauti ya mtu mwingine.

Nina sababu yangu binafsi ya kulichunguza jambo hili. Desemba iliyopita nilikaa chini kuisafisha simu yangu iliyokuwa imejaa, nikakuta humo vitabu arobaini na kitu nilivyotumiwa au kuvipakua ndani ya mwaka mmoja, na katika hivyo nilikuwa nimevimaliza viwili tu. Mwaka huohuo nilikuwa nimeazima vitabu saba vya karatasi, na vyote saba nilivimaliza. Vingine kwa sababu vilikuwa vitamu na vingine, nakiri, kwa sababu tarehe ya kuvirudisha ilikuwa imegongwa muhuri ndani ya jalada. Tofauti hiyo siwezi kuieleza kwa ubora wa vitabu vyenyewe, kwa kuwa vile vya kwenye simu nilivichagua kwa hiari yangu na vingi vilikuwa vya waandishi ninaowapenda.

Tunapima nini hasa?

Ulinganisho usio na kipimo hugeuka kuwa ubishi wa kijiweni, kwa hiyo ni vema kipimo kiwekwe wazi tangu mwanzo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi uliohusu watu 3,635 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, waliofuatiliwa kwa miaka 12. Waliokuwa wakisoma vitabu walionekana kuwa na hatari ya kufa katika kipindi hicho iliyo pungufu kwa takribani asilimia 20 ikilinganishwa na wasiosoma vitabu, hata baada ya watafiti kuzingatia tofauti za elimu, mali, jinsia na hali ya afya waliyoanza nayo. Jambo linalotuhusu zaidi ni kwamba faida ya kusoma vitabu ilikuwa kubwa kuliko ile ya kusoma magazeti na majarida. Uchunguzi wa aina hii hauthibitishi kwamba kitabu ndicho kilichorefusha maisha, kwa sababu huenda mtu mwenye tabia ya kusoma ana tabia nyingine njema zisizoonekana kwenye hesabu. Hata hivyo, tofauti kati ya kitabu na gazeti inatupa fununu. Wote wawili, msomaji wa gazeti na msomaji wa kitabu, wanapitisha macho juu ya maneno, lakini msomaji wa kitabu anakaa. Anashika majina ya watu wengi kichwani, anakumbuka lililotokea sura tatu nyuma, anabashiri linalokuja, na hufanya hivyo kwa siku kadhaa mfululizo juu ya jambo lilelile.

Kipimo changu, basi, ni huko kukaa. Njia iliyo bora ni ile inayomwezesha msomaji kubaki ndani ya kitabu kwa muda mrefu bila kunyanyuliwa, na inayomrudisha humo kesho yake. Gharama, macho, baridi na umeme ni mambo ya maana, nami nitayagusa, lakini yanapata uzito wake kutokana na jinsi yanavyosaidia au kuzuia huko kukaa.

Kuna tarakimu moja ambayo ningependa tuiweke kando mapema, kwa sababu imezunguka sana katika makundi ya WhatsApp: kwamba dakika sita za kusoma hupunguza msongo wa mawazo kwa asilimia 68. Jaribio lililoizaa mwaka 2009 lilihusu watu wachache mno na halikupitia uhakiki wa jarida la kisayansi. Kusoma kunatuliza, na yeyote aliyewahi kuzama katika riwaya nzuri wakati ana jambo linalomsumbua analijua hilo bila kuhitaji asilimia.

Kitandani, baada ya taa za jirani kuzimwa

Hapa ndipo tofauti kati ya karatasi na simu inapoonekana waziwazi, na ndipo nitakapotumia nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa usiku ndio wakati ambao watu wengi wenye kazi na watoto wanaupata kwa ajili ya kujisomea.

Mwaka 2015 kundi la watafiti wa Boston, Marekani, lilichapisha jaribio ambalo watu 12 walisoma kwa saa nne kabla ya kulala, siku tano mfululizo kwa kishikwambi chenye mwanga na siku tano nyingine kwa kitabu cha karatasi kwenye mwanga hafifu. Walipotumia kishikwambi walichelewa kupata usingizi kwa karibu dakika kumi kuliko walipotumia kitabu, kiwango chao cha melatonini, yaani homoni inayouandaa mwili kulala, kilishuka kwa zaidi ya nusu wakati wa jioni, na asubuhi iliyofuata waliamka wakiwa wazito zaidi. Msomaji makini ataona haraka udhaifu wa jaribio hilo: watu 12 ni wachache, saa nne ni nyingi kuliko anazosoma mtu wa kawaida, na kishikwambi kilikuwa kimewashwa mwanga wake wote. Anayepunguza mwanga wa simu na kusoma nusu saa hawezi kutarajia madhara ya kiasi hicho.

Ushahidi wa pili ni mpana zaidi na, kwa maoni yangu, una manufaa zaidi kwetu. Nchini Ireland, mwaka 2019, watafiti waliwaalika watu kushiriki jaribio kupitia mtandao, na watu 991 wakagawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilisoma kitabu kitandani kwa dakika 15 hadi 30 kabla ya kulala kwa muda wa siku saba, na kundi la pili halikusoma. Mwishoni, asilimia 42 ya waliosoma walisema usingizi wao umekuwa bora, ilhali katika kundi lisilosoma waliosema hivyo walikuwa asilimia 28. Ni maelezo ya washiriki wenyewe, si vipimo vya mashine, lakini dakika 15 hadi 30 ni muda ambao hata mwalimu mwenye madaftari ya kusahihisha anaweza kuupata.

Mwanga, hata hivyo, si kosa kubwa la simu. Kosa lake kubwa ni kwamba kitabu kilichomo ndani yake kinaishi nyumba moja na watu wote unaowafahamu. Nilikuwa usiku mmoja katikati ya riwaya, mhusika mkuu amesimama mlangoni na barua mkononi, ujumbe ukaingia juu ya kioo: michango ya harusi ya binamu. Nikaujibu, nikaona mjadala wa mpira, nikafungua video moja, na nilipokumbuka barua ilikuwa saa saba kasoro na sikuwa na nguvu ya kurudi mlangoni. Kitabu cha karatasi hakina mlango wa pili wa kutokea. Mtu anaweza kuizimia simu data, au kuiweka katika hali ya ndege, na wapo wenye nidhamu hiyo. Mimi nimejaribu, na nimegundua kwamba kuzima data kunahitaji uamuzi kila usiku, wakati kuiacha simu sebuleni kunahitaji uamuzi mmoja tu.

Lazima simu itendewe haki lakini. Umeme unapokatika, simu ina mwanga wake yenyewe. Mwenzi aliyekwisha kulala hasumbuliwi na taa ya chumba. Herufi zinaweza kukuzwa, jambo kubwa sana kwa mtu aliyevuka miaka arobaini na ambaye sasa anakishika kitabu mbali na uso kama anayekiogopa. Kuna na jambo dogo ambalo watu wa Dar es Salaam hawawezi kulielewa: katika usiku wa Julai wa Njombe au Makete, kitabu cha karatasi kinadai mikono miwili itoke nje ya blanketi, ilhali simu inaridhika na kidole gumba kimoja. Nimewahi kusoma riwaya nzima nikiwa nimevaa soksi mkononi, na sishauri, kwa sababu kufunua ukurasa kwa soksi ni kazi.

Kwa anayechagua karatasi, basi, swali linalofuata ni la taa. Taa ndogo ya sola inayochajiwa mchana inatosha, mradi mwanga wake uangukie kwenye ukurasa kutokea nyuma ya bega na usipige machoni. Mshumaa na koroboi vikae mbali na kitanda, kwa sababu msomaji wa usiku husinzia bila taarifa. Na jiko la mkaa, ambalo katika baridi yetu huonekana kuwa rafiki mkubwa wa msomaji, lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Anayeivuta huhisi uchovu na uzito wa kichwa, akadhani ni usingizi wa kawaida unaoletwa na kitabu. Jiko liishie kwenye veranda, na blanketi la pili lifanye kazi yake.

Hadithi na maarifa havieleweki sawa kwenye kioo

Mwaka 2018 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 54 zilizohusu zaidi ya watu 171,000, ukilinganisha uelewa wa wanaosoma kwenye karatasi na wanaosoma kwenye vioo. Karatasi ilishinda, si kwa tofauti kubwa, lakini kwa uthabiti, hasa pale maandishi yalipokuwa ya maarifa na pale msomaji alipokuwa na muda mfupi. Katika maandishi ya hadithi tupu tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo mtu anayesoma riwaya kwa starehe asitishwe na anayemwambia kwamba kwenye simu haelewi, anaelewa. Lakini anayejisomea kitabu cha historia, cha afya, au mwongozo wa kudhibiti ukungu wa viazi, afanye bidii apate nakala ya karatasi, au aichapishe ile sura anayoihitaji.

Kuna jambo la kuvutia juu ya hadithi pia. Watafiti wa Norway na Ufaransa waliwapa watu 50 hadithi ileile ya upelelezi, nusu yao kwenye kitabu kidogo cha karatasi na nusu kwenye Kindle, kifaa cha kielektroniki cha kusomea vitabu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Katika mambo mengi makundi yalilingana, lakini walioshika karatasi walikuwa hodari zaidi katika kupanga matukio kwa mfuatano wake wa wakati. Maelezo yanayopendekezwa ni kwamba mikono husaidia kumbukumbu: kadiri unavyosonga, upande wa kushoto wa kitabu hunenepa na wa kulia hukonda, nawe unajua kwa vidole kwamba mauaji yalitokea karibu na mwanzo. Mimi hukumbuka hata doa la chai lililokuwa karibu na sentensi fulani, jambo ambalo simu haijawahi kunipatia.

Safarini

Usafiri hubadilisha hesabu yote. Kwenye basi la kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800, karatasi na simu zote mbili huwa mashakani, kwa sababu macho yaliyotulia kwenye maandishi huuambia ubongo kwamba mwili umetulia, ilhali sikio la ndani linahisi kila kona. Ubongo ukipokea taarifa mbili zinazopingana, tumbo ndilo linalolipa. Katika sehemu iliyonyooka ya Mafinga au Makambako unaweza kusoma kurasa kadhaa, lakini anayefungua kitabu wakati basi linateremka Mlima Kitonga anajitafutia mfuko wa plastiki. Hapo sauti ndiyo mshindi: masikio yanasoma, macho yanatazama mbali, na tumbo linabaki na amani.

Treni ya TAZARA ni habari nyingine. Mwendo wake ni wa polepole, kona zake ni pana, na safari huchukua muda unaotosha kumaliza riwaya ya wastani na kuanza nyingine. Simu hufa chaji njiani na mtandao hupotea kwa saa nyingi, ambapo kwa msomaji wa karatasi hali hiyo ni baraka. Kikwazo pekee ni mahandaki ya kati ya Makambako na Mlimba, ambapo giza huingia ghafla kwenye behewa na msomaji hubaki ameshika sentensi isiyo na mwisho.

Mikono ikiwa kazini

Wapo watu wengi ambao hawana jioni ya kukaa. Mama anayepukuchua mahindi, kijana anayemenya ndoo ya viazi kwa ajili ya chipsi za kesho, mchumaji wa chai wa Mufindi au Rungwe ambaye mikono yake haipumziki tangu asubuhi; kumwambia mtu kama huyo anunue kitabu na taa ni kumsimanga. Kwake kitabu cha kusikiliza ndicho kitabu, na hakuna sababu ya kukiona kuwa kitabu cha daraja la pili. Sisi tulianza kwa masikio. Kabla ya maktaba kulikuwa na bibi, moto, na mwito wa hadithi hadithi, hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea.

Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2016 uliwahusisha watu wazima 91, baadhi wakisoma, baadhi wakisikiliza, na baadhi wakifanya yote mawili kwa pamoja, na haukuona tofauti ya maana katika kuelewa wala kukumbuka baada ya wiki mbili. Tafiti nyingine zilizofanywa kwa wanafunzi waliosikiliza maandishi magumu ya kitaaluma zilionyesha kwamba wasikilizaji walifanya vibaya zaidi. Tafsiri yangu ni ileile ya awali: hadithi inavumilia njia zote, elimu ngumu inadai karatasi. Anayesikiliza hawezi kurudi nyuma kwa urahisi, na akili ikitangatanga kidogo, msomaji wa sauti hamsubiri.

Ugumu wa sauti kwetu ni wa aina mbili. Kwanza, simulizi za Kiswahili zinazopatikana mtandaoni ni nyingi kwa upande wa mapenzi, upelelezi na vitisho, lakini vitabu vyetu vyenye uzito wa kifasihi vilivyosomwa vizima na kwa ruhusa ya wenye haki ni vichache, na mara nyingi msikilizaji hukuta hadithi imekatwa vipande thelathini ili atazame matangazo thelathini. Pili ni mvua. Katika Wilaya ya Rungwe, ambako mvua ni nyingi kuliko karibu kila mahali nchini, mvua ikiipiga paa la mabati hakuna simulizi itakayosikika, hata uweke sauti ya juu kiasi gani, na kuziba masikio yote mawili kwa spika ndogo usiku wakati uko peke yako na watoto si busara. Kwa msomaji wa karatasi, mvua hiyohiyo ya mabati ni ukuta mnene unaozuia kelele za dunia yote. Sijui raha inayoizidi.

Mfuko na unyevu

Simu inaonekana kuwa ya bei nafuu kwa kuwa tayari unayo. Walimu wengi wana na vishikwambi, vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 kisha wakagawiwa. Hata hivyo, nakala nyingi za vitabu vya Kiswahili zinazotumwa katika makundi ni picha za kurasa zilizopigwa bila ruhusa, baadhi zikiwa na vidole vya aliyepiga, na kusambaza nakala hizo kunakiuka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Tukiacha sheria, mwandishi wa Kiswahili ambaye kitabu chake kinasomwa na maelfu bila yeye kupata hata senti moja hataandika cha pili.

Kwa karatasi, njia ya bei ya chini kuliko zote ni kuazima. Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, ina maktaba za mikoa, na Mbeya na Iringa ni miongoni mwa mikoa iliyo nazo. Ninaposifu maktaba sisifu tu akiba ya fedha. Ile tarehe ya kurudisha ni mkufunzi asiyelipwa, na meza ndefu yenye watu wengine wanaosoma kimya humfundisha hata asiyeweza kukaa namna ya kukaa. Upungufu upo: rafu za riwaya za Kiswahili hazijazwi mara kwa mara kama tunavyotaka, na anayefanya kazi hadi jioni hukuta milango imefungwa. Baada ya maktaba, watafute wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaotandaza bidhaa chini karibu na masoko na stendi. Humo, chini ya vitabu vya kiada vya mtaala uliopita, hupatikana riwaya za miaka ya sabini na themanini ambazo hazijachapishwa tena.

Kitabu cha karatasi kina adui mmoja mkubwa katika nyanda zetu, naye ni unyevu. Katika Tukuyu na vijiji vyake, kitabu kilichosimamishwa kikigusa ukuta wa tofali hupata ukungu kabla masika hayajaisha. Rafu isogezwe kutoka ukutani kwa upana wa vidole vitatu au vinne, vitabu visibanwe sana, na siku ya jua vitolewe vipate hewa kivulini, kwa kuwa jua kali hukausha gundi na kurasa zikaachia. Kwa nyumba yenye unyevu wa kupindukia, nakubali kwamba simu inahifadhi vitabu vizuri kuliko rafu.

Riwaya au kitabu cha hamasa?

Njia ni nusu ya uchaguzi. Nusu nyingine ni aina ya kitabu, nami nitalipitia hili kwa kifupi. Vitabu vya hamasa na mafanikio vimejaa kila meza ya muuzaji, na vina wasomaji waaminifu. Sina ugomvi navyo kwa mtu anayetafuta nidhamu ya fedha au ya muda. Lakini kwa lengo la jioni tulilolitaja, yaani utulivu, mara nyingi humwacha msomaji na orodha ya mambo asiyoyafanya, akalala akiwa na deni. Riwaya humtoa mtu katika nafsi yake kwa muda na kumweka katika nafsi ya mwingine. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha majaribio yaliyodai kwamba hata kusoma kipande kifupi cha fasihi humfanya mtu atambue vizuri zaidi hisia za wengine. Wengi wa waliojaribu kurudia majaribio hayo baadaye hawakupata matokeo yaleyale, kwa hiyo tusiuze riwaya kama dawa ya huruma. Tuisome kwa sababu inatuondoa kwenye kelele zetu wenyewe.

Nani achague nini

Mtu mwenye shida ya kupata usingizi achague karatasi, na simu ilale chumba kingine. Mwanafunzi na yeyote anayesoma ili ajue, vivyo hivyo. Mzee ambaye herufi zimeanza kumkimbia apimwe macho kwanza kabla ya kununua miwani ya kusomea ya barabarani. Akishindwa kupata kitabu chenye herufi kubwa, kishikwambi ni bora kwake kuliko kuacha kusoma, mradi kila baada ya dakika ishirini hivi ainue macho na kutazama mbali, na sisi wa Mbeya tuna mlima Loleza wa kutazama. Asiyeona, dereva, na mwenye mikono kazini wachague sauti bila kuona haya. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, hasa ile ambayo Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au Kibena ndiyo lugha ya jikoni na Kiswahili ni cha shule, ningechagua njia ya nne inayochanganya mbili: kitabu kimoja cha karatasi, kinachosomwa kwa sauti na mkubwa mmoja, watoto wakifuata picha na maneno kwa macho. Hapo kitabu kimoja kinasomwa na watu watano kwa wakati mmoja, na hakuna kifaa chochote kilichobuniwa kinachoshinda bei hiyo.

Anayeshindwa kabisa kuamua afanye kama wale wa Ireland. Achague kitabu anachokitamani kweli, si kile anachodhani inampasa, akisome dakika 15 hadi 30 kila usiku, wiki moja kwa karatasi, wiki moja kwa simu, na wiki moja kwa sauti kama kinapatikana, huku akiandika pembeni saa aliyozima taa na mahali alipofikia. Nilifanya hivyo Julai iliyopita kwa riwaya tatu za unene unaolingana. Ya karatasi niliimaliza usiku wa sita, ya simu iliniacha sura ya nne, na ya sauti sijui iliishiaje, kwa kuwa kila usiku nililala kabla msomaji hajamaliza sura, jambo ambalo mama watoto anasisitiza kwamba nalo lihesabiwe kuwa ushindi.